Ngoma Iliyozibwa

Basi palikuwa na Kindi, mtunzi wa michezo ya watoto, hodari ila hana ngoma. Mchwa wakamwambia, “Chukua yetu, ndugu. Inakwaruza, lakini kamba zake ziko nje. Ikilegea utaikaza mwenyewe.”

Kindi akacheka. “Ngoma gani hiyo, inakohoa kama bibi!” Akaazima ya Nyani, imeshonwa ikazibwa, tamu kuisikia.

Miaka saba akatunga na kuwafunza watoto, kila mchezo kwa mlio ule. Siku ya kuwachezesha watoto, Nyani akaja. “Shemeji, sharti la kukuazima ngoma nimeligeuza. Kuanzia leo ikilia, nacheza mimi peke yangu.”

Kindi akakimbilia ngoma ya mchwa. Wakampa. Akaipiga, watoto wakasimama tu wakimtazama, mlio hawaujui. Akaketi na mvi zake, akaanza kukaza kamba ya kwanza.