Vifaranga wa Mchanganyiko

Evelina alikuwa akimwaga pumba bandani, nyuma ya nyumba yao ya Area D, kuku mmoja alipojaribu kuwika. Sauti ilikwaruza, ikakatika. Mwingine akamwitikia kutoka pembeni.

Aliweka ndoo chini akawatazama vizuri, safari hii bila kujidanganya. Karibu wote walikuwa na vilemba vikubwa, vyekundu.

Tangu apunguzwe kazini, kuku hawa walikula vizuri kuliko yeye. Muuzaji alimshauri achukue vifaranga waliochaguliwa, mitetea watupu. Walikuwa ghali, akachukua wa mchanganyiko, majogoo na mitetea pamoja, akiamini angalau nusu watataga.

Mumewe alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Nimesikia jogoo?"

"Umesikia."

"Yuko mmoja tu?"

 Evelina alimwinamia kuku aliyekuwa karibu, akamkamata. Alikuwa mzito, wa moto, na moyo wake ulidunda kiganjani mwa Evelina. Mwenyewe alikuwa amechoka hata kushindwa kukasirika.

"Mwenye kantini anasubiri mayai, mama," mumewe alisema taratibu. "Tumwambieje?"

"Mwambie kuna nyama ya supu," alijibu. "Na uniletee kisu, kabla sijamwonea huruma huyu."