Jibu la Saa Nne

Orodha ya makundi ya damu ya wagonjwa ilikuwa imetoweka kwenye kompyuta za hospitali, na mganga mkuu alisimama nyuma ya kiti cha Tunu, mtunza programu.

"Nani kafuta, binti yangu? Wewe, au hiyo akili mnemba inayokusaidia?"

"Ni yenyewe, Daktari. Kila inachofanya hujiandika. Nitakuonyesha."

Alifungua kumbukumbu, akasoma mstari kwa mstari. Saa nne asubuhi akili mnemba iliuliza: "Nifute orodha zote mbili, ya majaribio na ya makundi ya damu?" Chini yake palikuwa na jibu, "Ndiyo," na jina la Tunu.

Hakukumbuka hata kulisoma swali lile.

"Umeona nini?" mganga aliuliza, akivaa miwani.

Kiganja cha Tunu kiliufunika mstari, na mwanga wa kioo ukapenya kati ya vidole vyake.