Ukuta wa Jikoni

Saumu alipofika nyumbani kwao, alimkuta mdogo wake Hatibu akipaka chokaa ukuta wa jikoni. Masizi ya miaka yote yalikuwa yamefunikwa, pamoja na pale palipong'aa kwa mgongo wa marehemu mama yao, aliyezoea kuegemea hapo akipika.

"Mpangaji mpya hataki uchafu," Hatibu alisema.

"Mgongo wa mama ni uchafu?"

Saumu akachukua kisu, akaanza kukwangua ile chokaa.

"Dada, unabomoa nyumba!"

"Mwite huyo mpangaji wako aje aione ikibomoka!"

Hatibu alimshika mkono, Saumu akamsukuma kwa kiwiko. Masizi yakatokea, harufu ya moshi ikajaa chumba. Saumu aliendelea kukwangua, akilia kwa hasira, hata masizi nayo yakaisha, udongo mwekundu wa ukuta ukaanza kummwagikia miguuni.