Tumbo la Namba Thelathini na Moja

Saa tatu asubuhi Osée, fundi wa maabara, alitoka nje kupitia dirishani, koti jeupe mwilini na glavu mikononi, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

Constance, msimamizi wa kituo, alimwona. Alikuwa kwenye korido na wageni watatu kutoka Ulaya pamoja na Mama Chilufya, na mwanamke anayeendesha kituo cha utafiti Lubumbashi hujizoeza kuona mambo mengi na kuyaacha yapite.

Kituo chao kilichunguza vijidudu vinavyoishi ndani ya watu: vinakula nini humo, vinagombana na nani, mwenye nyumba anafaidika vipi. Kwa miaka mitatu watu arobaini wa Ruashi, jirani na mgodi, walileta kila mtu kopo la kinyesi chake kila mwezi. Vijidudu vya wote vilibadilika. Mvua zikija vinabadilika, homa ikija vinabadilika, hata Noeli ilionekana. Vya namba thelathini na moja, hapana. Mwezi wa kwanza na mwezi wa thelathini na sita, vilevile. Huko Ulaya, sampuli zilikotumwa, walipima, wakapima tena, kisha wakaandika barua kwamba tumbo la namna hiyo hawajapata kuliona.

Tumbo lilikuwa la Mama Chilufya, mjane, muuza samaki wakavu wanaotoka Pweto ziwani.

Mkataba wa kituo ulikuwa unaisha Ijumaa. Profesa, mkubwa wa wale wageni, alikuwa na mwingine mpya kwenye mkoba wake, wa miaka mitano, ila alitaka kwanza kumwona mwenye tumbo. Akisaini, kazi inaendelea. Asiposaini, Constance anafunga milango na watu kumi na saba wanarudi makwao, yeye akiwa wa kwanza.

Basi Mama Chilufya alikalishwa kwenye kiti kizuri. Aliweka kikapu chake magotini, akawatazama wageni jinsi anavyowatazama watu wanaogusagusa samaki bila kununua.

Profesa aliuliza kwa Kifaransa anakula nini. Bukari, ule ugali wa kwao, alijibu mama, na samaki, na matembele. Na huyu mzungu mbona amekonda hivi, kwake hakuna wa kumpikia? Constance alitafsiri mpaka kwenye matembele.

Amewahi kuugua? Mama alicheka. Januari iliyopita kuhara kulimlaza wiki tatu. Alinunua vidonge sokoni, vyekundu kwa vyeusi, akameza mpaka vikaisha. Tena Kwaresima yote alijinyima samaki, yeye muuzaji, na tumbo likamgomea vibaya.

Profesa alifungua karatasi zake, akatafuta Januari. Vilevile. Akatafuta Kwaresima. Vilevile. Alivua miwani, akajifuta macho.

"Namna gani?" mama aliuliza. "Iko mubaya?"

"Hapana, mama," Constance alisema. "Iko muzuri sana."

"Sasa analia juu ya nini?"

Profesa alitoa kalamu, akasaini ukurasa baada ya ukurasa. Constance alihesabu saini moja moja, na ya mwisho ilipokauka ndipo akavuta pumzi. Kisha Profesa akaomba jambo moja dogo. Picha. Mama Chilufya na yule fundi aliyeandaa sampuli zake miaka yote hii, wamesimama pamoja, wameshikana mikono.

Constance alimkuta Osée amechuchumaa nyuma ya jenereta. Alidhani anaona haya mbele ya wageni, akamwambia kwa upole kwamba ni picha tu, hata kuongea hakutakuwepo.

"Madame, miye siwezi ingia mule," Osée alisema. "Ule ni mama mukwe wangu."

Constance naye kwao ni kaskazini, kwenye mila hiyohiyo; jambo hilo halikuhitaji mkalimani. Mwanaume hakai uso kwa uso na mama wa mke wake, hali naye sahani moja, hagusi hata kitambaa chake kwenye kamba.

"Ulioa lini, Osée?"

"Iko miaka tatu sasa. Syntiche, muke wangu, ni yeye alikuwa analeta kopo ya mama yake. Alileta ya kwanza, tukazoeana. Mbele ya kuleta ya pili, nilikuwa nimekwisha peleka mali ya ndoa kwabo."

"Ulifanya haraka."

"Alikuwa muzuri, Madame."

Constance alizitazama glavu za Osée. Toka ndani walisikia Mama Chilufya akimwuliza Profesa kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, kama ana watoto.

"Basi nani alikuwa anafungua kopo ya mama?" Constance aliuliza.

Osée alimwangalia kana kwamba ametukanwa.

"Choo ya mama mukwe? Nani anaweza fungua? Zile zote nilizika na heshima yake." Alishusha sauti. "Lakini ile ya kwanza, ya mbele ya ndoa, nilikuwa nimekwisha fungua. Na ilikuwa yenye kujaa. Niliiweka mu frigo, ikaganda. Kila mwezi nakata kidogo, natuma."

Constance aliegemea jenereta.

"Balisaini mukataba ya miaka ngapi?" Osée aliuliza.

"Tano."

Osée alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayetaka kuwa mkweli.

"Yenye kubakia iko ya miaka mbili," alisema. "Tatu, kama nakata nyembamba."