Mbuzi Aliyeshiba

Mbuzi alikataa majani.

Mshona magunia aliyasukuma tena mpaka puani kwake, akabembeleza, akatukana kimoyomoyo. Mbuzi akageuza uso, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine.

"Usihangaike kumlisha," dobi, jirani yake, alikuwa amemwambia wakati anamkabidhi kamba uchochoroni. "Mshauri wa mradi akitoka tu kwako, mpitishe mlango wa nyuma, umrudishe. Usichelewe, shoga."

Mshona magunia hakuuliza kitu. Mtu anayeazima anaulizaje?

Mbuzi wake mwenyewe alikufa miezi minane iliyopita. Aliteremshwa kwenye lori la mradi tayari anakohoa, akavishwa utepe, akapigwa picha. Mshona magunia alisema, "Huyu anaumwa." Mshauri akaandika: *anazoea mazingira*. Daktari wa mifugo, wakamwambia, yumo kwenye awamu ya pili. Waliopanga hizo awamu hawakumwuliza mbuzi kama ataweza kusubiri. Akazoea mazingira siku kumi na moja, akafa. Mshona magunia akamfukia nyuma ya choo, na kwa aibu asimwambie mtu mpaka jana, hofu ilipomzidi akamnong'oneza dobi.

Kwani mradi ulitoa vyote kwa pamoja: mbuzi, unga, mafunzo, kadi ya zahanati. Kifurushi, walikiita. Leo ulikuwa ukaguzi wa mwisho, na kikikosekana kimoja, vyote vinakatwa. Mama mkwe alikuwa anapumua kwa dawa za kadi ile.

"Hodi!"

Mshauri aliingia na fomu mkononi, viatu vimejaa tope. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama mkwe akaitikia kutoka kitandani, macho kwenye mlango wa uani ulioachwa wazi. "Umekuja kumwona mbuzi? Yule pale si wetu. Wetu alikuwa anakohoa."

Mshona magunia akasogea kuziba mlango. Akafungua mdomo aanze uongo aliokariri tangu alfajiri.

"Alipona, bibi," mshauri akasema, macho kwenye karatasi.

"Alipona! Basi na mimi nipeni hiyo dawa yake."

Mshauri hakucheka. Akatia alama. Mbuzi: yupo. Afya: nzuri. Akamsogezea mshona magunia kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mama. Hongera. Umehitimu."

"Nimehitimu nini, baba?"

"Umaskini, mama. Umetoka."

Mshona magunia akatazama ukuta ule ule, bati lile lile lenye matundu, rundo lile lile la magunia ya watu. "Na kadi?"

"Itaendelea mwaka mzima."

Akasema ahsante. Akasema mara mbili, huku anajichukia: mtu mwenyewe mpole, na yeye peke yake katika mtaa mzima ndiye mwongo.

Mshauri akatokea uani, akarudishia mlango. Mshona magunia akabana jicho kwenye ufa wa mlango, akihofia mshauri asije akagundua kamba ile si yake.

Alimwona anachuchumaa mbele ya mbuzi, anatoa leso mfukoni, anamfuta tope magotini.

"Vumilia, ndugu yangu," akamnong'oneza. "Zimebaki nyumba sita."