Kutu ya Behewa

Wewe ungemdhania nini mume anayekwangua masizi ya sufuria zako na kujifungia nayo stoo? Nyamizi wa Somanda alidhani ni dawa ya kumvutia mke mdogo.

Siku ya tatu alipomwona anakwangua na kutu ya jembe bovu, uvumilivu ulimwisha. Akausukuma mlango wa stoo.

"Dawa hiyo unamwekea nani?"

Mzee alikuwa ameshika behewa dogo la bati, refu kama kiganja, lenye rangi mpya. Alichovya unyoya wa kuku kwenye kutu iliyoloweshwa pamoja na masizi, akaupitisha taratibu chini ya kila ribiti, vile vichwa vya misumari ya bati, michirizi ya kahawia ikashuka kama ya behewa lililonyeshewa masika mengi.

"Mbona unaharibu kitu kipya?"

"Mayu, mke wangu, miaka ishirini na sita niliunganisha mabehewa pale stesheni ya Malampaka. Sikuona hata moja linalong'aa. Nalizeesha hili lifanane na yale."

Nyamizi akaigusa ile kutu, akanusa kidole. Hakikunuka dawa yoyote.

"Miaka ishirini na sita," alisema polepole, "na mimi nilitaka unipandishe treni, hata mara moja tu."