Meza Kuu ya Nguchiro

Kila aliyeingizwa na Nguchiro katika biashara yake ya mafuta ya kung'arisha manyoya alitoroka kabla wiki mbili hazijaisha. Nguchiro akapata dawa. Kanga alipokuja kuaga, alimwambia, "Usiondoke, dada. Kuanzia leo unakaa meza kuu."

Kanga akabaki. Habari zikaenea, na kila mmoja akaja kuaga ili apewe kiti. Fuko alikuja mwisho, viti vimekwisha, Nguchiro akampa chake.

Siku ya mkutano hakukosekana mtu. Wote walijaa meza kuu wakinywa soda, na Nguchiro, kwa kukosa pa kukaa, akaketi peke yake kwenye mabenchi ya wageni.

Fuko, asiyeona vizuri, akainama mbele na kusema kwa upole, "Karibu, mgeni wetu. Umewahi kusikia habari za mafuta haya?"